Sentimita 86

Agosti mwaka jana nilikuwa nikikusanya takwimu za tasnifu yangu katika kijiji kimoja nje ya mji wa Tabora. Ubao wa kupimia tuliusimamisha chini ya mwembe, mmoja kati ya ile iliyobaki kando ya njia ya zamani ya misafara, Bagamoyo hadi Ujiji. Mvulana alikuwa ametimiza miaka mitatu wiki hiyo. Sentimita 86. Kwa umri wake, mpaka wa udumavu ni kama sentimita 89.

"Vipi dada, anakua?" mama yake akauliza.

"Anaendelea vizuri, mama."

Nilijiona nimetenda utu. Udumavu hujengeka hasa katika siku 1000 za mwanzo, tangu mimba hadi miaka miwili. Ukishapita hapo, kufidia kilichopotea, mwilini na akilini, ni kazi ngumu mno. Ukweli usio na dawa ungemfaa nini? Naye alinirahisishia: "Ukoo wetu ni wafupi. Babu zake walikuwa wapagazi, walibeba pembe hadi pwani." Alisema kwa fahari. Pembe hizo zilipimwa kwa frasila. Mpagazi alihesabiwa kichwa tu.

Lakini ufupi wa ukoo hauanzi kwenye bakuli. Asubuhi ile mtoto alikunywa uji mtupu wa mahindi. Mayai huuzwa, yapatikane sabuni na chumvi. Msimu wa tumbaku mama hushinda shambani, mtoto akilelewa na dada yake wa miaka saba. Wala hakuna wa kushtuka: utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Wakicheza pamoja, humwoni.

Na mama alikuwa mjamzito. Hilo ndilo lililoninyima usingizi baadaye, kwamba nilimficha habari mtu ambaye siku 1000 nyingine zilikuwa zimeshaanza kuhesabika. Ila kumwambia "mpe mayai" ni kumtupia lawama ya bei ya sabuni. Na kumgeuza mvulana kuwa somo kwa ajili ya mdogo wake, mwenyewe akiwa amesimama pale na ndala moja mkononi, sioni kama ni haki.

Desemba nilirudi, maembe yameiva. Nikamwambia yote, namba na maana yake. Alinyamaza muda mrefu, akimenya embe.

"Sasa siku ile ulikuwa unapima ya nini?"