Kimya cha Kibodi

Programu nyingi zinazohesabu muda wa kazi kwenye kompyuta hazijui kazi ni nini. Zinachokijua ni saa ambayo kibodi ilibonyezwa au kipanya kikasogezwa kwa mara ya mwisho. Zikipita dakika tano au kumi, kadiri alivyopanga msimamizi, bila dalili hizo, programu huandika kwamba mfanyakazi amekaa bure, na wapo waajiri wanaozikata dakika hizo kwenye ujira. Mwanasheria anayesoma mkataba mrefu, mfasiri anayepima sentensi kichwani na msanidi programu aliyekodolea macho kosa asilolielewa bado, wote wanaandikwa hivyo hivyo. Swali ninalolishika hapa ni la haki kabla halijawa la ufundi: je, inafaa kumhukumu mtu kwa dalili ambayo haikuonekana? Naamini haifai, na naamini kwamba kosa kubwa zaidi katika mifumo hii ni kumbebesha mfanyakazi uthibitisho ambao kwa haki ni wa anayemtuhumu.

Hitilafu za kiufundi zipo, na sababu zake zinajulikana. Kwenye Windows, taarifa ya mguso wa mwisho inahusu kikao kile tu kilichoiuliza. Anayefanya kazi ndani ya kompyuta ya mbali anaweza kuchapa mchana kutwa na programu iliyo kwenye kikao kingine isione kitu. Kompyuta za Mac hudai ruhusa ya mwenyewe kabla programu haijaweza kufuatilia vitufe, na ruhusa hiyo isipotolewa mwandishi mwepesi wa vidole anaweza kuonekana kama hayupo. Kwenye Linux, mfumo wa Wayland umebuniwa makusudi ili programu moja isisikilize vitufe vinavyobonyezwa kwenye nyingine. Fundi akiyapitia haya, akarefusha muda wa kusubiri na kuruhusu mikutano na simu zihesabiwe, makosa yatapungua sana, na kwa kweli hiyo ni kazi ya kheri, maana kila dakika iliyorudishwa ni jasho la mtu. Lakini tuseme hitilafu zote zimekwisha. Msomaji wa mkataba bado ataandikwa kuwa amekaa bure, kwa sababu kusoma hakubonyezi kitufe. Programu imepima mguso barabara, nasi tumeusoma mguso kana kwamba ni kazi.

Mazoea haya yana asili yake. Frederick Taylor, katika kitabu chake cha 1911 kuhusu usimamizi wa kisayansi, alisimulia wabeba chuma wa Bethlehem huko Pennsylvania ambao, kwa maelezo yake, walipandishwa kutoka tani 12.5 kwa siku hadi tani 47.5. Usahihi wa masimulizi hayo umebishaniwa, ila jambo moja halina ubishi: kwa mbeba chuma, mwendo wa mwili ndiyo kazi yenyewe, na akisimama, chuma nacho kimesimama. Kipimo hicho kimehamishwa kutoka kiwandani hadi kwenye meza ya mtu anayelipwa kwa kufikiri, bila kuuliza kama uhusiano ule wa mwendo na kazi umehama nacho.

Wanavyuoni wa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, walilikabili swali la kimya zamani, nao walilikabili kwa umakini ambao wabunifu wa programu wangenufaika nao. Majalla, sheria ya madai ya Dola ya Uthmania iliyotolewa kati ya 1869 na 1876 kwa msingi wa madhehebu ya Hanafi, inaweka katika kifungu cha 67 kwamba aliyenyamaza hanasibishwi na kauli yoyote. Kifungu cha 4 kinaweka kwamba yakini haiondoshwi na shaka, na kanuni hii wanavyuoni wa Shafi, madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani yetu, nao wameihesabu miongoni mwa kanuni zao kuu. Zitie kanuni hizi mbili kwenye suala letu. Mfanyakazi ameingia kazini, ameanza saa yake, kazi iko mbele yake: hilo ni yakini. Kibodi imenyamaza dakika sita: hiyo ni shaka, tena shaka nyepesi, kwa kuwa kimya hicho kina tafsiri kumi na uvivu ni mojawapo tu. Programu inayogeuza shaka hiyo kuwa hukumu imempachika mtu maneno ambayo hakuyasema.

Mwajiri atajibu kwamba amenunua muda na ana haki ya kujua umetumikaje. Dai hilo ni la haki, nami silipuuzi. Ila Majalla hiyo hiyo, katika kifungu cha 425, inasema kwamba mwajiriwa wa mtu mmoja kwa muda maalumu anastahiki ujira kwa kuwapo tayari kwa kazi katika muda huo, hata kama hakufanya kazi kwa vitendo, mradi asikatae kufanya. Kwa hiyo aliyenunua muda amenunua utayari. Anayetaka kulipia matokeo ana mkataba wa aina nyingine, ule wa fundi anayelipwa kwa kilichokamilika, na hapo dakika hazimhusu. Kisichokubalika ni kuajiri kwa saa kisha kulipa kwa vitufe.

Atajibu tena kwamba wadanganyifu wapo. Ni kweli. Mwaka 2024 ilijulikana kwamba benki ya Wells Fargo ya Marekani iliwafuta kazi wafanyakazi zaidi ya kumi kwa madai ya kuigiza shughuli za kibodi. Lakini kisa hicho kinaidhoofisha hoja ya mwajiri. Kifaa kidogo kinachotikisa kipanya kinamfanya aliyelala aonekane mchapakazi, na kipimo kile kile kinamfanya anayefikiri aonekane amelala. Wapo wanaodhani dawa ni kuongeza macho: kamera, picha za skrini kila baada ya dakika chache. Hizo zitaonyesha uso na dirisha lililofunguliwa, wala hazitaonyesha fikra. Na zitamwingiza msimamizi katika upelelezi wa watu ambao Kurani, katika Suratul Hujurat aya ya 12, imeukataza pamoja na kukithirisha dhana.

Hili si suala la dini peke yake. Desemba 2024 mamlaka ya Ufaransa ya kulinda taarifa binafsi, CNIL, iliitoza kampuni moja faini ya yuro 40,000. Miongoni mwa makosa yake, kampuni hiyo ilihesabu kuwa ni ukosefu wa kazi kila kipindi cha dakika 3 hadi 15 bila kibodi wala kipanya, na mamlaka ikaeleza kwamba mtu aliye mkutanoni au kwenye simu yuko kazini vilevile. Kenya nayo, katika sheria yake ya kulinda taarifa ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutofungwa na uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake. Vijana wengi wa Nairobi wanaofanyia kazi kampuni za nje wanapaswa kukijua kifungu hicho.

Kwa hiyo rekodi iandike kilichotokea, yaani hakuna mguso uliosajiliwa, na isiandike hukumu. Mfanyakazi aione kabla ya bosi wake, aeleze, na maelezo yake yakubaliwe mpaka patokee ushahidi wa kuyapinga. Mshahara usikatwe na mashine. Je, asipoeleza? Kifungu cha 67 kina sehemu ya pili: kunyamaza pale panapohitajika kusema huhesabiwa kuwa ni kauli. Aliyeulizwa kwa heshima mara kadhaa akakataa kujibu, kimya chake kinaweza kumsimamia kama ushahidi dhidi yake. Sharti ni kwamba aulizwe kwanza.