Mzigo wa hakimu: Nani wa kuubeba?

HADITHI mashuhuri iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi inamfananisha mtu aliyepewa ukadhi na mtu aliyechinjwa bila kisu. Wengi tumeisikia mimbarini, tukaichukua kama onyo kwa hakimu mla rushwa, kisha tukaenda zetu nyumbani. Lakini hadithi hiyo haimtaji mla rushwa. Inamgusa kila anayekalishwa kwenye kiti kile, akiwemo mwadilifu.

Basi hebu tujiulize: hakimu mwadilifu anayekosa usingizi kwa sababu ya hukumu, je, ni mgonjwa wa kutibiwa, au ndivyo anavyotakiwa awe? Na sisi tunaopeleka mashauri mbele yake tuna wajibu gani?

Tuanze na majaji. Kwa miaka mingi kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kilimfunga jaji mikono. Akishamtia mtu hatiani kwa kuua kwa kukusudia, adhabu ni moja tu, kunyongwa. Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliamua kwamba kumnyima jaji nafasi ya kupima adhabu ni kinyume cha Mkataba wa Afrika. Ni kweli kwamba tangu katikati ya miaka ya 1990 nchi yetu haikunyonga mtu. Hata hivyo, maneno yale yalitamkwa kwa kinywa cha binadamu, ambaye jioni alirudi nyumbani kula na wanawe.

Lakini jaji ana gari, ana walinzi, na mara nyingi anahukumu watu asiowajua. Sasa twende Matombo, tarafa iliyopo Morogoro Vijijini, kwenye miteremko ya milima ya Uluguru katika njia ya kwenda Kisaki. Huko anayehukumu na anayehukumiwa huchota maji mto mmoja.

Sheria ya Mabaraza ya Kata ya mwaka 1985 iliwapa wananchi wa kawaida kazi ya kuamua, na sheria ya mwaka 2002 ikawakabidhi migogoro ya ardhi: wajumbe wanne hadi wanane, watatu kati yao wanawake. Na ardhi ya Uluguru si jambo dogo. Waluguru hufuata ukoo wa mama. Chukua mfano wa mzee Mwislamu aliyepanda karafuu na minazi katika shamba la ukoo kwa miaka thelathini, kisha akafariki. Wanawe wanasema miti ni jasho la baba yao, na Qur'an imewapa fungu lao. Wapwa zake wanasema ardhi ni ya bibi zao, marehemu alikuwa akiitumia tu. Kila upande una hoja. Na anayetakiwa kukata shauri ni mzee anayeswali nao safu moja, huku akiwa mjomba wa huyu na mkwe wa yule.

Nimewahi kuzungumza na mzee mmoja wa huko aliyekaa katika baraza la namna hiyo. Hakulalamikia posho. Alilalamikia njia. Baada ya shauri moja la shamba alikuwa akizunguka kilima kizima ili asipite mlangoni kwa aliyeshindwa. Akikaa mkekani msibani, wengine wanainuka. Hakuna aliyemtukana, ila hakuna aliyemsalimu kama zamani. Na usiku alikuwa akijiuliza kama kweli alipatia.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, mabaraza ya kata yakaachiwa kusuluhisha tu. Wapo waliosema afadhali. Lakini mzigo haukupotea, ulihamia mabegani mwa wengine huko wilayani.

Wapo wanaoshauri kwamba hakimu awe na moyo wa jiwe. Uislamu haukusema hivyo. Mtume (s.a.w.) amemkataza hakimu kuhukumu akiwa na hasira, na wanazuoni wakaongeza kwa kulinganisha: njaa kali, kiu, usingizi, huzuni kubwa. Maana yake dini ilikubali tangu mwanzo kwamba hakimu ana mwili na moyo, na kwamba vikielemewa, haki ya mtu inapotea. Imam Abu Hanifa aliukataa ukadhi wa Khalifa al-Mansur, akafungwa, akafariki mwaka 150 Hijria. Hata hivyo, wema wote wakikikimbia kiti, atakikalia nani? Ndiyo maana tukapewa na dawa: hakimu aliyejitahidi akapatia ana malipo mawili, na aliyejitahidi akakosea ana moja.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, kuna mizigo miwili na tusiichanganye. Wa kwanza ni hofu ya kudhulumu. Huo ni amana. Hakimu asiyekuwa nao ndiye wa kuogopwa. Wa pili ni mlundikano wa kesi, vitisho, memo za wakubwa, simu za usiku, na kununiwa mtaani. Huo si uchamungu, ni dhulma anayofanyiwa. Huko Marekani baadhi ya mahakama huwapa ushauri nasaha raia waliosikiliza kesi za kutisha. Kwetu mzee wa baraza alipewa asante na kupanda njia ya mlimani peke yake.

Na sisi? Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Ummu Salama, ametueleza kwamba yeye ni binadamu, na huenda mmoja wetu akawa hodari wa kusema kuliko mwenzake, akahukumiwa haki isiyo yake. Mtu huyo amekatiwa kipande cha moto. Tazama hapo nani anabeba. Hakimu amehukumu kwa alichosikia. Aliyesema uongo ndiye aliyeondoka na moto mkononi.

Ndugu msomaji, kabla hujakwenda mahakamani na shahidi wa kupanga, kumbuka moto huo. Mambo ya ndugu yanayoweza kumalizwa kwa sulhu yamalizeni nyumbani. Na ukishindwa, rufaa ni haki yako, lakini kumnyima salamu mzee aliyehukumu kwa alivyoona si haki yako. Kesho utamhitaji akupatanishe na nduguyo, nawe utakuta hataki tena kukaa.

Wallahu a'alam.