Kupima kosa si kumtukana mjenzi

Katika msikiti mmoja hapa Mji Mkongwe watu walikaribia kugombana kwa sababu ya dira. Kijana aliiweka juu ya zulia, akasema safu zimepinda. Mzee akang'aka: "Ina maana babu zetu wote waliswali kombo?" Nami mwalimu nikanyamaza, na ukimya ule unanisuta hadi leo.

Kutoka Unguja, Makka iko karibu kaskazini kabisa. Lakini sindano ya dira haielekei kaskazini halisi. Kwetu huangukia nyuzi chache magharibi yake, na nondo za ukutani huzidi kuipotosha. Basi kijana naye hakuwa amepima kosa la kipimo chake.

Nilimkumbuka niliposoma habari za mtambo wa Wendelstein 7-X ulioko Greifswald, Ujerumani. Huo hufunga plazima, yaani gesi ya moto mkali mno, ndani ya pete ya sumaku iliyosokotwa kama kamba, katika kutafuta nishati mfano wa ile ya jua. Sumaku zake kuu ni koili 70. Humo hata kosa dogo, likirudiwa kila mzunguko, huweza kuharibu mistari ya sumaku na joto likatoroka. Kwa hiyo mwaka 2015, kabla ya kuwasha plazima ya kwanza, wataalamu walipitisha mwale mwembamba wa elektroni wakachora ramani ya njia yake. Hitilafu ilikuwa chini ya sehemu moja katika laki moja. Hata hivyo mtambo ulikwisha kuwekewa koili 5 za kusahihisha, kwani kazi ya mwanadamu haikosi kasoro. Nani alisema mafundi wametukanwa?

Je, nia njema inatosha? Humwokoa asiyejua, lakini haimpi udhuru anayekataa kupima. Wazee wetu walijitahidi kwa walichokuwa nacho, na ujira wao uko kwa Mola. Watu wa Quba walipofikiwa na habari ya kubadilishwa kibla, waligeuka hali wamo ndani ya swala. Hawakuona aibu.

Tunacho kipimo kisichohitaji sumaku. Kila mwaka, Mei 27 au 28, saa 6:18 mchana, jua huwa juu ya Al-Kaaba. Simika fimbo wima uani: kivuli kitaelekea kinyume cha kibla. Mzee na kijana na watoke pamoja wakatazame. Safari hii sitanyamaza.

Wallahu a'alam.