Aliye Juu na Mji Ulio Chini

Mji wa Unguja umeelekeza uso wake baharini. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, inaikabili bandari, na msafiri wa chombo aliiona kabla hajakanyaga nchi kavu. Bukoba ni mji wa namna nyingine. Ulianza kama kituo cha Wajerumani mwaka 1890, ukakaa ufukweni mwa Ziwa Viktoria, na nyuma yake vimesimama vilima. Anayetaka kuupiga picha mzima, pamoja na paa zake, minara yake na maji yake, hana budi kuupanda mgongo wake.

Kutafuta mahali pa kusimama kuna elimu yake. Jua la Bukoba huchomoza ziwani. Asubuhi, aliye kilimani hulikabili jua usoni, na mji hugeuka kivuli cheusi mbele ya maji yanayong'aa. Alasiri mwanga hutoka mgongoni mwake ukaziangukia paa. Aliye mtumbwini, upande wa kisiwa cha Musira, hupata kinyume chake. Mvua ikishapita hewa husafika, na vilivyo mbali huonekana kukaribia. Mpaka hapo suala ni la ufundi. La maadili huanza pale mahali penyewe panapopatikana.

Kwani mahali hapo, aghalabu, ni kibanja cha mtu. Kwa Wahaya kibanja si shamba tu: ni nyumba, ni migomba na mibuni, ni makaburi ya waliotangulia. Na majani ya mgomba yameuziba mji. Kuyakata ni kazi ya dakika moja. Je, yakatwe? Atasema mpiga picha kwamba jani litaota jingine, ilhali picha itadumu. Hoja hiyo ni tamu kwa asiyeutegemea mkungu ule kwa chakula, na jani ndilo linaloulisha mkungu. Mwenyeji anayempokea mgeni kwa kahawa ya kutafuna huenda akaona aibu kumkatalia. Ridhaa iliyotokana na aibu ni ridhaa pungufu. Kwa hiyo mwenye adabu hubisha hodi kwanza, na husogea yeye kabla ya kutaka jani lisogezwe.

Lipo swali zito zaidi. Mwaka 1838, huko Paris, Daguerre aliipiga picha barabara ya Boulevard du Temple kutoka dirisha la juu. Watu na magari ya farasi walikuwa wakipita, lakini picha ilihitaji dakika kadhaa, na waliokuwa mwendoni wote wakatoweka. Anayeonekana wazi ni mtu mmoja aliyesimama kung'arishiwa viatu. Kamera za leo ni nyepesi wa kunasa, ila umbali bado hufuta watu. Baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lililoua watu wasiopungua 17 mkoani Kagera, nyumba yenye kuta zilizopasuka na paa lililosalia iliweza kuonekana nzima kwa aliye kilimani. Na ndege ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, wakafa watu 19, waliotangulia kufika ni wavuvi, watu waliokuwa usawa wa maji.

Je, kilima kiachwe? La. Aliye chini naye haoni yote. Mtaa humfichia mtaa wa pili, na mwenye duka sokoni hajui jinsi ziwa lilivyoukumbatia mji wake. Kusini, wilayani Muleba, somo hili ni wazi zaidi. Anayepanda nyanda za Kamachumu akitafuta minara na maghorofa atarudi mikono mitupu. Akikawia, atatambua kwamba alichodhani ni msitu wa migomba ni makazi: chini ya majani yale mna jiko, mna watoto, mna kaburi la babu. Umbali humfaa anayekumbuka kilichofichika ndani yake.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Mpiga picha naye atashuka. Hapo mwenye kibanja ataishika ile picha, ataitazama kwa utulivu, na atasema kama mji anaouona humo ni wake.