Wakati Haujawahi Kung'oa Tundu

Kifaa "kimepitwa na wakati": ndivyo tunavyosema kila siku bila kuuhoji usemi wenyewe. Kitenzi kimo katika kauli ya kutendwa, na mtenda ametajwa kuwa ni wakati, ambao hauwezi kuitwa barazani ukajieleza. Kwa baadhi ya mambo usemi huo ni wa haki. Wakati hufifisha taa zilizo nyuma ya kioo cha skrini, huvimbisha kapasita, huotesha kutu kwenye pini. Lakini wakati haujawahi kung'oa tundu ubavuni mwa kompyuta. Matundu huondolewa na watu waliokaa kikao. Desemba 2010 Intel na AMD, pamoja na Dell, Lenovo, Samsung na LG, zilitangaza kwamba zinaachana na VGA, ile plagi ya pini 15 katika safu tatu iliyoletwa na IBM mwaka 1987, na mwisho wake ukapangiwa 2015. Tangazo lile lilikuwa na tarehe na lilikuwa na wenyewe. Skrini zilizokuwa zikiwaka vizuri siku moja kabla yake ziliwaka vizuri siku iliyofuata. Sasa, kifaa kizima kikikosa pa kuchomekwa, kilichokufa ni nini? Nadai kwamba kifaa hakijafa. Kilichovunjika ni makubaliano, na makubaliano huvunjwa na mtu.

Ushahidi ulio wazi zaidi umo katika skrini ambazo Apple ilianza kuziuza mwaka 2000 zikiwa na plagi yake yenyewe, ADC. Wazo lilikuwa zuri na sioni sababu ya kulidhihaki: waya mmoja ulibeba picha, USB na umeme wa kuiwashia skrini, meza ikapumua. Mwaka 2004 skrini mpya za Apple yenyewe zikatoka bila plagi hiyo, na baadaye ile ya inchi 22, yenye nukta 1600 kwa 1024, ikabaki haina kompyuta mpya ya kuipokea. Sasa tazama ndani ya waya. Picha iliyopita mle ni ya mfumo wa DVI, na HDMI iliyomo kwenye kompyuta nyingi za leo ilijengwa juu ya DVI hiyohiyo, kiasi kwamba moja hugeuzwa nyingine kwa kuunganisha pini kwa pini, bila chipu yoyote ya kutafsiri. Skrini ya 2000 na kompyuta ya leo zinazungumza lugha moja. Kinachokosekana ni umbo la mdomo, na umeme ambao skrini ilizoea kulishwa na kompyuta. Ndiyo maana adapta aliyoiuza mtengenezaji mwenyewe ilikuwa kiboksi kizito cha umeme kuliko kitu kingine: huku inapokea DVI, USB na umeme wa ukutani, kule inatoa tundu la ADC.

Waswahili wana sababu ya kulielewa jambo hili upesi. Kwa karne nyingi lugha yetu iliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Utawala wa kikoloni na shule zake ukazitia nguvu za Kilatini, na leo msomaji hodari wa magazeti anaweza kuushika mswada wa zamani wa Lamu asiweze kusoma hata neno moja la lugha aliyonyonya. Nani atasema mswada ule umekufa? Herufi ndizo zilizobadilika, na mtu mmoja anayezijua zote mbili anatosha kuurudisha barazani. Hiyo ni ADC na HDMI. VGA ni habari nyingine, kwa sababu yenyewe hutuma kila rangi, nyekundu, kijani na bluu, kama volti inayopanda na kushuka kati ya sifuri na 0.7, ilhali HDMI hutuma tarakimu. Hapo pini kwa pini haisaidii. Anatakiwa mkalimani, yaani chipu ndogo inayosoma tarakimu na kuzigeuza volti, nayo hujilisha kwa volti 5 za tundu la HDMI lenyewe. Halafu kuna hali ya tatu, ya kuchekesha kidogo: kompyuta za Sun na za SGI zilitumia plagi ya umbo moja, 13W3, yenye pini nene tatu za rangi na nyembamba kumi, lakini kila kampuni ilizipangia zile nyembamba kazi zake. Plagi inaingia barabara na picha haikai, kama mtu anayejaribu kusoma gazeti la Kijerumani kwa kuwa tu anaijua a, be, che. Basi umbo hutudanganya pande zote mbili; huwatenga wenye lugha moja na kuwakutanisha wasioelewana. Kinachokiweka kifaa hai ni ujuzi wa nini kinapita wapi, na ujuzi huo ukifungiwa kabatini mwa kampuni, hapo ndipo kifo kinapoanza kuwa cha kweli.

Atakayepinga ataniuliza kama nataka tubaki na VGA milele. Sitaki. Tundu lile ni nene mno kwa kompyuta mpakato nyingi za leo, na waya wake ukirefuka picha hupoteza ukali. Nakubali pia kwamba adapta nyingine hugharimu zaidi ya skrini inayookolewa, na kwamba ile monita ya zamani yenye mgongo mkubwa inakula umeme na kioo chake kina risasi. Lakini tazama pingamizi hizi zote: kila moja inahukumu kwa kukikagua kifaa, matumizi yake ya umeme, picha yake, gharama yake. Hakuna hata moja inayohukumu kwa umri. Ukikagua ukaona haifai, umeamua, na uamuzi ni wako. Ninachokikataa ni kumsukumia wakati.

Pingamizi lililo gumu kweli ni jingine. Hoja ya "bado kizima" ndiyo inayopendwa na wanaosafirisha taka: kontena hujazwa vifaa vibovu, huandikiwa kuwa ni mitumba, na hushushwa katika bandari za Afrika. Mkataba wa Basel wa 1989 uliwekwa kuzuia mambo ya aina hiyo, na tangu Januari 2025 taka za kielektroniki zote, za sumu na zisizo za sumu, hazitakiwi kuvuka mpaka bila ridhaa ya nchi inayopokea. Je, hoja yangu haimpi kisingizio mwenye kontena? Naona inamnyima. Yeye huishi kwa kuchanganya kilichochakaa na kilichokatiwa mawasiliano, nami nasema vitenganishwe, tena kwa jaribio lisilohitaji mtaalamu: chomeka, washa, tazama. Na kama ni mtengenezaji aliyevunja makubaliano, jukumu la kutafuta adapta ni lake kabla ya kuwa la mnunuzi wa mwisho upande wa pili wa bahari.

Methali inatuonya tusitupe mbachao kwa msala upitao, lakini husomwa kama busara ya mwenye hofu: usitupe, huenda ukauhitaji tena. Mafundisho ya dini yanakwenda mbali zaidi. Katika Injili ya Yohana, sura ya 6, makombo yanaagizwa yakusanywe baada ya maelfu ya watu kushiba, wakati ambapo hakuna anayeyahitaji. Katika adabu za udhu, Mwislamu hufundishwa asimwage maji ovyo hata akiwa ukingoni mwa mto unaopita. Mifano yote miwili imechagua makusudi hali ya wingi. Israfu, basi, haipimwi kwa uhaba wa kitu wala kwa umaskini wa mwenye nacho, na kuunga skrini ya zamani kwenye kompyuta mpya si kiraka cha aliyekosa fedha, ingawa ndivyo wenye fedha wanavyopenda kuliona. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo hazikufika robo. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Na hapa kidonda kina uzito unaopimika.

Skrini kama zile za ADC hazikai kimya zinapochomekwa. Kabla picha haijaanza kupita, kompyuta huiuliza skrini, nayo hujibu kwa baiti 128: herufi tatu za mtengenezaji wake, namba ya toleo, wiki na mwaka iliotengenezwa, na ukubwa wa picha inazoziweza. Ile ya inchi 22 ikipata kiboksi chake cha umeme na njia ya kufika kwenye HDMI, hujitambulisha hivyo hivyo ilivyojitambulisha siku ya kwanza, na kompyuta iliyotengenezwa miaka mingi baada yake husoma jibu, ikaona 1600 kwa 1024, na kuanza kuituma picha.