Je, Huruma ya Kulipwa ni Huruma?



Katika miezi hii wazazi kadhaa wamenijia na jambo moja. Binti au kijana wao amekwenda Kampala kununua mitumba Owino, akarudi na habari kwamba karibu na soko kuna mahali wanapofundisha kazi ya uuguzi msaidizi, yaani kuosha wagonjwa, kuwalisha, kuwageuza kitandani na kuwapima joto. Ada inatakiwa, na ili kuipata itabidi kuuza mbuzi au mahindi ya msimu. Wengi wanauliza kama shule hiyo ni ya kweli. Mama mmoja aliuliza jambo jingine, nalo limenikosesha usingizi. Alisema kumuuguza mtu ni upendo, na upendo ukilipwa si upendo tena. Je, ni heshima kwa mtoto wa Mkristo kuosha uchi wa watu asiowajua ili apate mshahara?

Naanza na swali la mama huyu, kwa sababu kama kazi yenyewe ni aibu, hakuna haja ya kuuliza habari za shule.

Wengi wetu tumeifanya kazi hii bila kuisomea. Ukilazwa katika hospitali kubwa kama Mulago, muuguzi atakupa dawa na kukuchoma sindano, lakini kukuogesha, kukupikia, kufua shuka na kukushika mkono kwenda chooni ni kazi ya mtu wako aliyekuja nawe kutoka nyumbani. Asiye na mtu hupata taabu kubwa. Na nani anajua kukosa mtu kuliko mkimbizi? Dada yuko Fizi, mjomba yuko Masisi, mwingine hatujui kama alivuka. Mama, unapomfikiria binti yako na aibu yake, mfikirie pia mgonjwa wa namna hiyo, aliyelala siku tatu katika shuka ile ile.

Ni kweli desturi zetu zina mipaka. Mkwe haoni uchi wa mkwe wake. Lakini Biblia inatusimulia habari za Nuhu alipolala uchi hemani, na jinsi Shemu na Yafethi walivyochukua nguo mabegani, wakaenda kinyumenyume, wakamfunika baba yao bila kumtazama. Anayejifunza uuguzi msaidizi hufundishwa karibu jambo hilo hilo: kuvuta pazia, kufunua tu sehemu anayoiosha na kuacha mwili wote chini ya shuka, kumweleza mgonjwa atakachofanya kabla ya kumgusa, hata kama mgonjwa hawezi kujibu. Kosa la ndugu yao lilikuwa kuona na kwenda kusimulia nje. Msaidizi anayepeleka sokoni habari za wodini anafanya lile lile. Kwa hiyo naona kazi hii, ikifanywa vizuri, ni kazi ya kumfunika mtu. Sioni aibu ndani yake.

Sasa habari ya mshahara. Sisi wahubiri tunapenda sana Luka sura ya 10. Tumemhubiri Msamaria, tumemhubiri kuhani na Mlawi, hata punda amepata mahubiri yake. Mwenye nyumba ya wageni anasahauliwa. Lakini angalieni: Msamaria alifunga majeraha, akatia mafuta na divai, akalala pale usiku mmoja, kesho yake akaondoka. Alikuwa na safari yake. Aliyebaki na majeruhi ni mwenye nyumba. Alipewa dinari 2, na tukifuata mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20, dinari moja ilikuwa ujira wa kutwa. Aliahidiwa pia kwamba gharama ikizidi atalipwa. Nani alimlisha yule mtu siku zilizofuata? Nani alibadilisha vitambaa vilivyoshikamana na damu, akamwinua usiku alipotaka kukojoa? Mtu wa kulipwa, au mtumishi wake. Bwana wetu hakumlaumu kwa kupokea fedha. Alimweka katika hadithi ya rehema, na bila yeye majeruhi angekufa siku ya pili huku Msamaria yuko njiani.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba huruma inaweza kulipwa na ikabaki huruma. Fedha haimwondolei mtu upendo. Inamwezesha kurudi kesho, na mgonjwa wa muda mrefu ana shida hasa ya kesho na kesho kutwa. Jirani mwenye upendo huja Jumapili, naye ana shamba lake.

Hata hivyo, mwenye nyumba alipokea zile dinari kwa kazi aliyoiweza. Angezipokea bila kujua kazi, angekuwa mnyang'anyi wa pili wa yule mtu. Hapa ndipo tunapofika Owino.

Soko lile lilianza mwaka 1971, na jina lake rasmi ni Mtakatifu Balikuddembe. Mimi si Mkatoliki, lakini napenda jina hilo, kwa sababu Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyeuawa mwezi Novemba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga, alikuwa mtumishi wa ndani katika jumba la kifalme. Kazi yake ilikuwa kumhudumia mtu mwingine kwa karibu. Nani anakumbuka hilo anapopigania bei ya suruali? Katika marobota ya mitumba, au mivumba kama wasemavyo Waganda, utakuta pia sare za hospitali kutoka Ulaya na Marekani, za bluu na za kijani, na pengine bado zina jina la hospitali kifuani. Kijana mwenye shilingi elfu chache anaweza kuondoka Owino amevaa kama muuguzi kamili. Hakuna anayemzuia, ni nguo tu. Ubaya unaanza pale mtu mwingine, katika chumba cha kupanga, anapomuuzia na karatasi ya kufanana na sare hiyo.

Tuelewe sheria ya nchi iliyotupokea. Sheria ya Wauguzi na Wakunga ya mwaka 1996 iliweka Baraza linaloandikisha wauguzi. Cheti cha uuguzi husomewa miaka miwili na nusu. Zamani, miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, vituo vingi vya afya vijijini vilitegemea wauguzi wasaidizi waliofunzwa miezi michache, na walisaidia watu wengi. Lakini msaidizi hana nafasi katika daftari la Baraza, na Baraza limeonya mara nyingi juu ya shule zinazomwahidi mwanafunzi kwamba atatoka humo akiwa muuguzi.

Je, masomo mafupi ni ya uongo? Hapana. Marekani, ambako wengi wa ndugu zetu waliotoka kambi za Nakivale, Kyaka na Kyangwali wanafanya kazi hii katika nyumba za wazee, sheria ya mwaka 1987 inadai angalau saa 75 za mafunzo, na kati ya hizo saa 16 za vitendo chini ya macho ya msimamizi. Halafu kuna mtihani wa maarifa na wa mikono, na jina linaandikwa katika daftari la jimbo. Saa 75 ni kama wiki mbili za kazi! Lakini aliyemaliza anajua mipaka yake, na yuko muuguzi juu yake wa kumpa taarifa. Anayewaambia kwamba cheti cha chumba cha Owino kitawafungulia kazi Marekani anawadanganya mara mbili: huko mtu husoma na kufanya mtihani wa jimbo lake, na nyumba ya wazee ikishamwajiri haina ruhusa ya kumtoza gharama ya mafunzo hayo. Tena tangu Januari 2025 mpango wa kupokea wakimbizi kule ulisimamishwa, kama familia nyingi hapa zinavyojua kwa uchungu.

Karatasi ya kununua inamwibia nani basi? Wazazi hupoteza mbuzi, lakini mgonjwa hupoteza zaidi. Mtu asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo nyama ya kiunoni na kisiginoni inaoza. Mzee aliyepooza akilishwa uji amelala chali, unaingia njia ya hewa. Hayo hufundishwa kwa mikono, kitandani, mbele ya mtu anayejua. Upendo peke yake hauyajui.

Wako watakaonijibu: Mchungaji, kambini zahanati iko mbali na wauguzi ni wachache, si afadhali msichana mwenye sindano kuliko kukosa kabisa? Swali hili ni gumu, na sitalijibu kwa wepesi. Nafikiri hospitali ya Lacor, karibu na Gulu, mwaka 2000. Ebola iliua watu 224 katika nchi hii, na wauguzi kadhaa wa Lacor walikufa wakihudumia wagonjwa. Dkt. Matthew Lukwiya ndiye aliyewafundisha wenzake kuvaa kinga na kufuata taratibu. Usiku mmoja alikimbia kumsaidia muuguzi wake aliyekuwa akitokwa na damu, akiwa na barakoa na glovu, lakini bila kufunika macho. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000. Simlaumu, ni nani angeweza? Lakini kama upendo wa mtu mwenye elimu ile ulihitaji kinga, wa binti wa miaka 19 mwenye karatasi ya kununua unahitaji zaidi. Basi binti huyo aoshe, ageuze, alishe, anyweshe maji, akimbie kuita muuguzi. Sindano aiache.

Kabla ya kuuza mbuzi, mzazi aende mwenyewe. Aombe kuona leseni ya mwalimu mkuu. Aulize ni hospitali gani inayowapokea wanafunzi kwa vitendo, kisha aende hospitali hiyo kuuliza kama wanaijua shule. Akiambiwa kwamba mtoto atatoka baada ya miezi mitatu akiwa nesi, arudi nyumbani na fedha yake.

Hapa kwetu, muuguzi mmoja mwenye leseni amekubali kuja kanisani Jumamosi ijayo saa nne asubuhi kutuonyesha jinsi ya kumwogesha na kumgeuza mgonjwa kitandani. Tunao wazee wanne wasioweza kuinuka, nanyi mnawajua. Wanaume pia waje. Kila mtu alete beseni, kipande cha sabuni na shuka kuukuu.