Zamu ya Kuitunza Nyumba ya Wazazi

Upareni tunajua kutunza mali ya wengi. Ushahidi ni ndiva, mabwawa yetu madogo ya asili, ambayo ufundi wake ulikuwapo kabla ya wakoloni kufika. Maji ya kijito hukusanywa humo usiku kucha, asubuhi yakafunguliwa na kushuka kwa mfereji hadi mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Ndiva hujaa tope, mfereji huziba, ukingo hutoboka. Ndiyo maana kuna msaragambo: siku inatangazwa, kila kaya inatoa mtu na jembe lake, tope linazolewa na kingo zinashindiliwa. Anayekosa bila sababu hutozwa faini. Kwa utaratibu huo ndiva imerithiwa na vizazi ikiwa bado inashika maji.

Sasa tazama nyumba za wazazi wetu. Panda kutoka Same kwenda Mwembe hadi Mbaga, au zunguka kwa Kisiwani hadi Gonja. Utaziona nyumba za tofali za kuchoma zilizojengwa kwa pesa ya kahawa na kwa mishahara ya ualimu, nyingi zikiwa zimefungwa. Wenyewe wako Dar es Salaam, Arusha au Moshi, na ufunguo uko kwa jirani. Watoto sita au saba wanaiita "nyumba yetu", na hakuna hata mmoja mwenye zamu ya kuiangalia. Kaka mkubwa anamngoja mdogo mwenye kipato. Mdogo anamngoja kaka aitishe kikao. Dada walioolewa wanaambiwa hayawahusu. Kikao kinakuja kufanyika msibani, wakati dari imekwisha kushuka.

Jambo hili linaniumiza, kwa sababu nyumba hizo zilijengwa na watu waliojinyima. Wazazi walivaa shati moja miaka mingi ili wanunue mabati. Kuyaacha mabati hayo yaozeshe kenchi ni kuwavunjia heshima, hata kama kaburi lao tumelijengea kwa vigae.

Uharibifu wenyewe huanza mahali padogo. Bati hutanuka juani na kusinyaa usiku, msumari ukalegea. Tone linapita, mbao za papi zinaoza, kenchi inafuata, kisha dari. Gata ikijaa majani, maji humwagika ukutani na kuchimba msingi. Nyumba ya mlimani ina hatari ya ziada, maana imekatiwa kwenye mteremko: mtaro wa nyuma ukifukiwa na udongo, maji yote ya juu huuelekea ukuta, nao huyanywa msimu mzima. Huku chini, Same mjini, Makanya na Hedaru, kuna upepo unaong'oa mabati yaliyolegea, na kuna mchwa wanaopanda ndani ya vijia vyao vya udongo hadi kwenye mbao. Katika nyumba iliyofungwa, hakuna wa kuvivunja vijia hivyo.

Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Wosia huo ni wa kweli, ila fundi mzuri huanza kwa kuuliza ufa umetoka wapi. Ukikandika saruji juu huku maji yakiendelea kuchimba msingi, ufa utarudi masika yajayo, na pesa itakuwa imekwenda bure. Zibua gata, fukua mtaro, kisha ziba ufa.

Na maji hayo tunayoyaacha yabomoe nyumba ni mali. Paa la mita 8 kwa 10, kwa mvua ya milimita 500 tu kwa mwaka, hupokea lita 40,000. Hata yakipotea mengine njiani, yanayobaki yatajaza tangi mara nyingi. Mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, unaochota maji ya bwawa la Nyumba ya Mungu na uliozinduliwa Machi 2025, ni neema kwa watu wa tambarare. Kuja kwa bomba kusitufanye tuziache gata zianguke.

Tufanye nini basi? Tuipeleke kanuni ya ndiva nyumbani. Karibu kila familia ina kundi la WhatsApp la kuchangia misiba na harusi. Kundi hilo liweke mchango mdogo wa kila mwezi kwa ajili ya nyumba, na ratiba ya mwaka. Septemba, kabla ya vuli, paa likaguliwe, misumari iliyolegea ibadilishwe na gata zisafishwe. Februari, kabla ya masika, mtaro ufukuliwe na majani yaliyogusa ukuta yafyekwe. Juni, mvua zikishakatika, nyufa, plasta na rangi vishughulikiwe. Kila mwaka awepo ndugu mmoja mwenye zamu, wa kike au wa kiume, na atoe hesabu kwa wenzake. Jirani mwenye ufunguo naye alipwe, kwa sababu anafanya kazi.

Kama inawezekana, nyumba ipate mtu. Walimu na wauguzi wanaopangiwa kazi milimani hutafuta pa kupanga. Mpangaji ataona tone la kwanza siku ile ile lilipodondoka, na kodi yake italipa fundi. Siku familia ikiamua kuuza au kugawana, watakuwa na nyumba ya kugawana badala ya kiwanja chenye kuta.

Ndugu msomaji, vuli inaanza Oktoba. Kabla haijafika, kubalianeni nani anapanda kuliangalia paa mwaka huu na nani mwakani, na majina yaandikwe. Asiyetimiza zamu yake bila sababu, atozwe.